Naomba ushauri: CD8 (seli T zinazoua seli zilizoambukizwa) hazijibu peptidi (vipande vifupi vya protini) za virusi kwenye ELISpot

Wakuu, salamu kutoka Mbeya. Tunatumia ELISpot, kipimo ambacho kila seli inayotoa interferoni gama (protini ya kinga) huacha doa: seli 200,000 kila kishimo, saa 18 hadi 20, nyuzi 37. Kontroli ya PHA (kichocheo cha seli T) inajaa madoa, hivyo seli ziko hai. CD4 (seli T saidizi) zinajibu vizuri. CD8 zinatoa madoa machache, madogo kama ncha ya sindano.

Nashuku peptidi. Zetu ni za asidi amino 15, kila moja ikirudia 11 za iliyotangulia. Seli iliyoambukizwa hukata protini ya virusi kwa proteasomu, TAP (protini ya usafirishaji) inavusha vipande, kisha HLA daraja la kwanza (molekuli inayozionyesha CD8 vipande hivyo) inashika vya asidi amino 8 hadi 10, kwa kuwa mfereji wake umezibwa ncha zote mbili. Cha 15 hakikai vizuri mpaka kipunguzwe. HLA daraja la pili, inayozionyesha CD4, mfereji wake uko wazi, ndiyo maana CD4 hazina shida.

Je, tuagize za 9 kulingana na HLA za wachangia damu, au tupandishe dozi kutoka mikrogramu 2 kwa mililita? Hofu yangu ni DMSO (kiyeyusho cha peptidi) kuvuka asilimia 0.5 na kudhuru seli. Na umeme ukikatika usiku wa Julai, baridi ya huku mnaikingaje inkubeta?