Siku ya Wauguzi, Mei 12: kila wodi ionyeshe kazi iliyoboreshwa kwa ushahidi. Tuanzie wapi?

Matroni_Kasulu

Habari za kazi wapendwa. Nasimamia wauguzi katika hospitali ya ngazi ya halmashauri, mkoani Kigoma. Siku ya Wauguzi hapa ina maandamano, mishumaa, kiapo, risala kwa mgeni rasmi, kisha chakula. Hayo yabaki. Safari hii nataka pia kila wodi isimame na kuonyesha jambo moja ililolibadilisha kwa kufuata ushahidi wa kisayansi, na waliotoka masomoni wapongezwe kwa walichokileta wodini, cheti kiwe nyongeza.

Tuna miezi minne. Projekta si ya kutegemea. Naomba wenye uzoefu wanisaidie: jambo la kuanza nalo tulichague vipi, tupime nini ili tusijidanganye, na tumpongeze mtu vipi bila kuacha manung'uniko?

Mboreshaji_Nzega

Shikamoo matroni. Kinachoua miradi hii ni ukubwa wake. Wodi ikiandika "kupunguza maambukizi hospitalini", mwezi wa tatu utakuta bado wanajadili fomu. Swali liwe dogo kiasi kwamba muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kulijibu peke yake akiwa kitandani kwa mgonjwa.

Mfano mzuri kwa wodi ya wagonjwa wa ndani ni kanula, kile kirija cha plastiki kinachoachwa mshipani kupitishia dawa na dripu. Zipo sehemu zinazoibadilisha kila baada ya saa 72 hadi 96, hata mshipa ukiwa mzima. Utafiti mkubwa wa Australia uliochapishwa 2012, wenye wagonjwa 3,283, ulilinganisha kubadilisha kwa ratiba na kubadilisha pale tu panapokuwa na sababu. Mishipa iliyovimba ilikuwa asilimia 7 pande zote mbili. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuepushwa sindano zisizo na faida, na stoo ikapumua.

Ila soma sharti lake: kanula iangaliwe kila zamu. Wodi ambayo muuguzi mmoja ana wagonjwa arobaini usiku na hakuna anayeangalia, ikiacha ratiba itakuwa imechukua nusu ya ushahidi na kuacha nusu inayomlinda mgonjwa. Tafiti za baadaye zimeonyesha hofu ya maambukizi ya damu kuongezeka pale kanula zinapoachwa muda mrefu. Kwa hiyo anzeni na ukaguzi, ratiba mtaigusa baadaye.

Utekelezaji: plasta iandikwe tarehe na saa ya kuweka. Kila zamu muuguzi anauliza maumivu, anatazama wekundu na uvimbe, anagusa kuona kama mshipa umekuwa mgumu kama kamba. Dalili mbili zikionekana, kanula inatoka. Na kila asubuhi kwenye raundi lipo swali la lazima: huyu bado anaihitaji? Kanula nyingi zinazoleta shida ni zile ambazo dawa ilishabadilishwa kuwa ya kumeza na hakuna aliyekumbuka kuzitoa.

Kupima: siku moja ileile kila wiki, mtu asiye wa wodi hiyo apite kitanda kwa kitanda ahesabu kanula zote, zenye tarehe, zenye dalili, na zisizo na kazi. Daima andikeni namba mbili, "6 kati ya 24", msiandike asilimia peke yake, maana asilimia 40 inaweza kuwa wagonjwa wawili kati ya watano. Pimeni wiki sita kabla ya kubadilisha chochote. Hapo ndipo wengi wanakosa subira, na siku ya kuonyesha hawana cha kulinganisha. Weka nukta za kila wiki kwenye manila, chora mstari wa kati wa zile sita za mwanzo. Nukta sita mfululizo zikikaa upande mmoja wa mstari, hapo kuna mabadiliko ya kweli. Nukta moja nzuri ni wiki moja nzuri tu.

Kama mna timu za 5S, utaratibu wa kupanga mahali pa kazi (Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia), tumieni hizohizo. Kamati mpya itakula muda wenu.

Mkunga_Urambo

Kwa leba ningeshauri moja kati ya mambo mawili, matroni, na yote yana ushahidi wa hapahapa kwetu.

La kwanza ni kupima damu baada ya kujifungua badala ya kukadiria kwa macho. Utafiti wa E-MOTIVE wa 2023 ulifanyika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Penye shuka la plastiki lenye mfuko wa alama za mililita, wakunga walitambua asilimia 93 ya waliotokwa damu nyingi; penye utaratibu wa kawaida ni asilimia 51. Matokeo mabaya zaidi yalipungua kwa asilimia 60. Shuka peke yake halikufanya hayo. Liliunganishwa na hatua za kutolewa zote kwa pamoja: kusugua mji wa mimba, oksitosini (dawa ya kuukaza), traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda) gramu 1 kwa mshipa taratibu ndani ya dakika 10, dripu, kuchunguza chanzo na kuita msaada. Zamani tulikuwa tunatoa kimoja tunasubiri, kikishindikana tunaongeza kingine, huku mama anaendelea kuvuja. Utafiti ule ulianza hatua zote damu ikifika mililita 500, au 300 mama akiwa tayari na dalili kama mapigo ya kasi au presha kushuka. Traneksamiki itolewe ndani ya saa 3 tangu kujifungua.

Panapokosewa: shuka kuwekwa mapema likakusanya maji ya uzazi na mkojo, namba ikawa ya uongo. Liweke mara tu mtoto anapotoka. Mashuka yakiisha, pimeni pedi na vitambaa kwa mizani ya gramu, mkitoa uzito wa vikiwa vikavu. Gramu 1 ni karibu mililita 1. Na oksitosini ikae nyuzi 2 hadi 8. Iliyosahaulika juu ya meza kwa joto letu itawafanya mseme mwongozo haufanyi kazi, kumbe dawa ndiyo iliyokufa.

La pili ni kumsaidia mtoto asiyepumua. Hili lina funzo kubwa kuhusu kukua kitaaluma. Hospitali ya Haydom, hapa Tanzania, walichapisha mwaka 2013 utafiti ulioonyesha kuwa kozi ya siku moja inampandisha muuguzi alama kwenye mwanasesere wa mazoezi, lakini kazi kwenye mtoto halisi haibadiliki. Walipohamia mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mpango wa Safer Births uliofuata ulifika vituo 30 katika mikoa mitano, Tabora ukiwemo, na matokeo yake yalichapishwa 2025: vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40.

Kwa hiyo toeni mwanasesere kwenye kabati la ofisini, awekwe leba, karibu na meza ya mtoto. Dakika tano mwanzo wa zamu, wawili wawili: kausha, chochea, weka kichwa sawa, barakoa ikae bila kuvujisha hewa, bagi ya kumpulizia hewa ianze kabla dakika ya kwanza haijaisha, kama mara 40 kwa dakika. Mwenzako anatazama kifua tu. Kisipopanda, mara nyingi ni barakoa inavuja au shingo imekunjwa nyuma mno. Pimeni sekunde tangu kuzaliwa hadi pumzi ya kwanza ya bagi.

Katibu_Tawi

Kuhusu pongezi nitakuwa mkali kidogo. Msitoe zawadi kwa "wodi yenye makosa machache" au "vifo vichache". Mtafundisha watu kuficha, na wodi inayopokea mahututi itashindwa kila mwaka bila kosa lake. Pongezeni waliopima kwa ukweli na kuonyesha walichobadilisha baada ya kuona namba, hata kama namba yenyewe bado mbaya.

Taja majina yote kwenye bango, mhudumu wa afya na mfanya usafi wakiwemo kama walishiriki. Manung'uniko mengi huanza pale msimamizi anapoisoma kazi jukwaani kana kwamba ni yake. Asimame muuguzi aliyeifanya, dakika tano, manila nne: tatizo, ushahidi unasemaje, tulifanya nini, nukta zetu. Mgeni rasmi apite kwenye mabango kabla ya risala, akili ikiwa bado mbichi.

Aliyetoka kusoma stashahada au shahada apewe wiki kadhaa kabla ya sherehe kazi moja ya kuwafundisha wenzake kitandani, na hiyo ndiyo itajwe siku hiyo. Mafunzo hayo yaandikwe: mada, tarehe, saa, waliohudhuria, sahihi. Muulizeni mapema mratibu wa CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma) kama yanahesabika, kwa sababu Baraza la Uuguzi na Ukunga huangalia pointi hizo mtu anapohuisha leseni. Rejista iliyotengenezwa siku ya mwisho haimsaidii mtu.

Picha za wagonjwa na namba za mafaili zisionekane kwenye bango. Na kama mnafikiria kuja kuichapisha kama utafiti, kibali cha maadili kinaombwa kabla ya kukusanya takwimu.

Matroni_Kasulu

Marahaba, na asanteni sana wote. Leba tumekubaliana mazoezi ya dakika tano. Wodi ya watoto wanataka usafi wa mikono, lakini kitakasa mikono kinaisha katikati ya mwezi. Wafanyeje?

Mfamasia_Tabora

Tengenezeni wenyewe, chini ya mfamasia wenu. Fomula ya WHO kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, kisha jazeni hadi lita 10 kwa maji yaliyotoneshwa au yaliyochemshwa na kupoa. Changanyeni taratibu, gawanyeni kwenye chupa safi, zikae saa 72 kabla ya kutumika ili vijidudu vigumu vilivyobaki kwenye chupa vife. Ethanoli ikiwa ya asilimia tofauti, hesabu inabadilika, msinakili tu. Gliserini ikizidi mikono inanata na watu wataacha kutumia. Chumba kiwe na hewa, mbali kabisa na jiko na moto wowote.

Chupa zisijazwe juu ya mabaki ya zamani. Zioshwe, zikauke, ndipo zijazwe upya. Kipimo cha wodi kiwe rahisi: lita zilizotumika mwezi huo, gawanya kwa jumla ya siku za wagonjwa kulala, zidisha mara 1,000. Lengo la chini ni lita 20 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa kulala. Stoo ikishawapa namba ya matumizi ya kweli, agizo la mwezi unaofuata lipelekwe kwa namba hiyo.