Sahani ya kichina ya bibi, niipeleke mnada wa London?

mkomani_kwetu: Assalaam aleikum jamani, bibi alituwachia sahani ya kichina, buluu na nyeupe, iko kwenye zidaka (vile vishubaka vya ukutani) tangu mamangu hajazaliwa, juzi kaja mtu akataka kutupa elfu 20 tukakataa. Naskia kwenye kampuni za mnada kama Sotheby's na Christie's vitu hivi huuzwa mamilioni, ni kweli? Naanzia wapi?

binti_langoni: Kweli lakini si kila sahani ndugu yangu. 2014 Sotheby's Hong Kong waliuza kikombe kidogo cha enzi ya Ming, wafalme wa kale wa Uchina, chenye picha za kuku, kama dola milioni 36, ila kile kilitengenezewa mfalme na vimebaki vichache mno duniani. Vya huku kwetu pwani vingi vililetwa na vyombo vya bahari kama bidhaa tu, na ikiwa na ufa bei yashuka sana. Tena mnada wanakata kamisheni kwako na kwa mnunuzi pia.

mzee_wa_shela: Mwanangu usiitie kwenye begi ukasafiri nayo!! Sheria ya makumbusho ya 2006 yasema kitu cha kale kilichotengenezwa ama kuletwa Kenya kabla ya 1895 hakitoki nchini bila kibali. Anza pale Makumbusho ya Lamu, mbele ya bahari, waitizame, na usiisugue kabisa. Roho yaniuma nikiingia nyumba za mawe nikakuta zidaka tupu, vyote vimeuzwa kwa bei ya samaki.

mkomani_kwetu: Shukran sana mzee, kesho asubuhi naipeleka inshallah, nshaifunga kwa leso ya bibi.