Msaada: mkataba wa ghala unaoisha 2040 wasomeka 1904

MwanaKibokoni: Salaam jamani. Natunza mfumo wa zamani wa mikataba ya maghala, Shimanzi. Umeandikwa kwa lugha ya C, kwenye Linux ya biti 32. Mteja katia saini miaka 15. Tukiingiza Julai 2040, skrini yatoa Mei 1904 na faini juu! Najua zile sekunde ambazo kompyuta huhesabu tangu 1970 zajaa kwenye biti 32 tarehe 19 Januari 2038. Nataka kuhamia biti 64, ila faili hizo hizo zasomwa na ofisi ya Changamwe, na programu yao haigusiki. Nianzie wapi?

FundiMakupa: Usikimbilie kompaila (ya kujenga programu upya), ndugu yangu. Kweli, kerneli (kiini cha Linux) 5.6 na glibc (laibrari kuu ya C) 2.34 zakupa time_t, yaani namba ya kutunzia wakati, ya biti 64 hata kwa mashine ya biti 32, ukiweka _TIME_BITS=64 pamoja na _FILE_OFFSET_BITS=64. Lakini kama rekodi yaandikwa kwenye faili vile ilivyo kwenye memori, baiti 4 zitakuwa 8 na kila kinachofuata tarehe kitasogea. Changamwe watasoma kodi mahali pa jina la mteja.

BintiKisauni: Na laibrari pia, zile programu saidizi ambazo yako huziita. Programu ikituma baiti 8 kwa laibrari inayongoja 4, hupati onyo, wapata takataka. Ndiyo maana watu wa Debian, toleo moja la Linux, walizijenga upya laibrari kwenye Debian 13, nyingi zikaongezwa t64 kwenye jina. i386, ile ya mashine za Intel za biti 32, wakaiacha na time_t ya zamani, kwa ajili ya programu kuukuu.

MzeeBandarini: Mwanangu, zisome baiti 4 bila alama ya hasi. Wafika 2106, faili haiguswi.

BintiKisauni: Mzee wangu, na tarehe za kuzaliwa? Mteja wa 1958 atakuwa wa 2094 😄

MwanaKibokoni: Hizo ziko faili nyingine. Rekodi ya mkataba ina baiti 12 tupu mwishoni.

FundiMakupa: Basi umepona. Tarehe kamili, baiti 8, iweke humo. Sehemu ya zamani iache, na mkataba ukivuka kikomo andika 2147483647, Changamwe waone 2038 badala ya 1904. Baiti hizo mpya zikiwa sifuri, soma tarehe ya zamani. Ila hakikisha ni sifuri kweli, C za enzi hizo huacha uchafu. Changamwe wasoma tu?

MwanaKibokoni: Huweka alama ya "imelipwa".

FundiMakupa: Jaribu hilo kwanza, kwa nakala. Wakihifadhi, zile baiti 12 zarudi salama? Zikifutwa, tarehe kamili ihamie faili ya pembeni, kwa namba ya mkataba. Kisha, kwa majaribio, peleka saa ya mashine mbele hadi siku ile ya 2038: kwetu hujaa saa 12:14 asubuhi.