Naomba ushauri: tupunguze kurasa za habari za kimataifa?

Habari zenu wakuu. Mimi ni mhariri katika jarida dogo la habari la kila wiki hapa Dar. Karatasi imepanda bei, matangazo yamepungua, na mwenye jarida anataka kurasa 8 za kimataifa zibaki 2. Anasema habari za nje watu wameshazisoma kwenye simu kabla jarida halijafika mezani kwa muuza magazeti.

Hapo ana hoja, sikatai. Lakini roho inaniuma. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, msomaji wetu wa Kasulu, jirani na kambi ya Nyarugusu yenye wakimbizi Wakongo, hakuisoma kama habari ya mbali. Vita vya Ukraine vya Februari 2022 navyo vilipandisha ngano na mafuta mpaka mama ntilie akapunguza ukubwa wa chapati. Nani atamweleza hayo kwa lugha yake?

Nafikiria tuachane na uchaguzi wa Marekani na Ulaya, tubaki na Kongo, Sudani, Msumbiji na Ghuba. Mngeendelea kununua? Na mliowahi kufanya kazi magazetini, mlimshawishije tajiri? Kikao ni Jumatatu.