Mrejesho: baiskeli ya changarawe kule Chianti, nimerudi salama

Wadau habari zenu, mwezi uliopita niliuliza kama tairi za milimita 32 zinatosha kwa zile barabara nyeupe za changarawe za Chianti, Italia, wengi mkaniambia niweke 40 na nipunguze upepo. Nilifanya hivyo na asanteni sana aisee, maana changarawe ya kule ni laini juu ila kwenye kona na miteremko imelegea balaa, na 32 ingenitesa.

Nilianzia kijiji cha Gaiole, nikafuata vibao vya njia ya L'Eroica, ile ya kilomita 209 ambayo tamasha lake la kuendesha baiskeli za zamani lilianza 1997, ila sikuimaliza yote, nilichukua kipande tu kwa siku mbili. Kile kilima cha kupanda kasri ya Brolio jamani, miti ya saipresi kushoto na kulia, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, halafu ukifika juu mashamba ya zabibu za sangiovese yanashuka mistari mistari mpaka macho yanachoka. Nilisimama pale nusu saa nzima, sikutaka kuondoka.

Mara unaingia msitu wa mialoni, baridi ghafla, kimya, ukitoka tu jua linakupiga tena na kilima kingine kinakusubiri, tambarare hamna kabisa. Kwa hiyo gia nyepesi ni lazima, hili hamkuniambia na magoti yangu yamelipia.

Maji beba chupa mbili, vijiji viko mbali kimoja na kingine.

Mwakani narudi, Mungu akipenda, nizimalize hizo 209.