Hizi kamera ndogo "kali usiku" zimepimwa usiku wa wapi?

Wakuu, leo mnivumilie, nimekasirika.

Kila anayeuliza kamera ndogo ya kupigia ukumbini bila flashi anajibiwa yaleyale: "Chukua hii, megapikseli 20, ISO inafika 6400." (ISO ni kiwango cha kamera kukuza mwanga hafifu; ikipanda sana, picha inajaa chenga, yaani vidotodoto.) Muuzaji anasema hivyo, wachambuzi wa YouTube hivyohivyo, na humu mnarudia. Mdogo wangu kauziwa moja kwa sifa hizo. Picha za sendofu yake chenga tupu, na pale kamera ilipojitahidi kufuta chenga, nyuso zikawa kama zimepakwa uji.

Sensa, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ya inchi 1/2.3 ina kama milimita 6.2 kwa 4.6. Ile inayoitwa ya inchi 1 ina 13.2 kwa 8.8 (inchi yenyewe jina tu, hakuna upande unaoifikia). Eneo linazidi mara nne! Halafu mtu anaziweka kwenye jedwali moja eti zinalingana, kisa zote megapikseli 20. Mwaka 2006 Fujifilm F31fd ilisifiwa kwa picha za mwanga hafifu ikiwa na megapikseli 6 tu. Mwaka 2009 Canon wakaishusha G11 hadi 10, wakati G10 ilikuwa na 14.7. Watengenezaji wenyewe walishajua kuwa megapikseli nyingi si dawa ya giza, nyie bado mnahesabu megapikseli.

Lenzi nayo. Sony RX100 ya 2012 imeandikwa f/1.8 (namba ya tundu la lenzi; ikiwa ndogo, mwanga mwingi unaingia), sawa, lakini hiyo ni kabla hujavuta (zoom). Ukivuta hadi mwisho inakuwa f/4.9, mwanga unaoingia unabaki kama sehemu moja ya saba. Nani anapiga maharusi jukwaani bila kuvuta? RX100 III inaishia f/2.8, ila haivuti mbali, mwisho 70mm. Canon G7 X inaishia f/2.8 pia, na inafika 100mm. Tofauti kubwa hiyo, lakini kwenye video zenu siisikii.

Kinachoniudhi zaidi ni majaribio yenyewe. Kamera iko kwenye stendi, inapiga chupa ya soda mezani, kila kitu otomatiki. Moja inachagua kupokea mwanga kwa sekunde 1/8 na ISO 400, nyingine 1/60 na ISO 3200. Ya kwanza inatoka safi, inatangazwa mshindi. Mshindi wa nini? Kwa 1/8 mtu akicheza muziki kidogo tu picha imecheza, na kile kizuia mtikisiko kinatuliza mkono wako, hakimtulizi bwana harusi. Halafu picha zinapunguzwa ukubwa hadi chenga zote zinajificha, ndiyo wanatuonyesha.

Mwenye G7 X na RX100 III aweke hapa picha za ndani, usiku, bila flashi, zote 1/60, zote zimevutwa hadi 70mm, mtu anatembea. Aweke faili zenyewe, zisipitie WhatsApp. Wa "nunua tu simu" wafungue uzi wao.