Kupandikiza nywele za kingo bila kunyolewa kichwa kizima

Mwalimu wa Jinja:

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mwanamke wa miaka 34. Nilisoma shule ambazo msichana hakuruhusiwa kufuga nywele, kwa hiyo nilipomaliza kidato cha sita nilizifuga kwa uchu, nikasuka rasta ndogo ndogo zilizokazwa mwaka baada ya mwaka, na nilipochoka kusuka nikabandika wigi kwa gundi. Leo nywele za kisogoni zinafika mabegani zikinyooshwa, lakini kwenye kingo za mbele, yaani panja zote mbili, ngozi imebaki laini na inang'aa. Daktari wa ngozi ameniambia kwamba vinyweleo vya hapo vimekwisha kufa na dawa ya kupaka haitavifufua.

Ninafikiria kupandikiza, ila picha ninazoziona ni za watu walionyolewa kichwa kizima. Nikitokea shuleni nimenyoa, wapo watakaonipa pole wakidhani nimefiwa, nami sitaki kumdanganya mtu wala kueleza habari za kichwa changu katika chumba cha walimu. Je, inawezekana kupandikiza huku nimebaki na urefu wangu? Nitahitaji kujitenga siku ngapi?

Kaka wa Entebbe:

Dada Mwalimu, inawezekana. Mimi nilipandikizwa Istanbul kwa njia ya ukanda: daktari hukata ukanda mwembamba wa ngozi yenye nywele kisogoni na kushona alipokata, kisha wasaidizi wake huugawa chini ya darubini kuwa vipandikizi vyenye nywele moja hadi nne kila kimoja. Hunyolewa ukanda wenyewe tu, na nywele za juu zikiachiliwa zinafunika mshono. Siku ya tatu paji lilivimba hadi kwenye kope, na hilo hakuna nywele za kulificha. Nyuzi zilitolewa siku ya 12. Kovu lipo, mstari mmoja kutoka sikio hadi sikio, kwa hiyo siwezi tena kunyoa kisogo kikabaki kifupi kabisa.

Muuguzi wa ngozi, Kampala:

Mwalimu, kabla ya kufuata njia ya kaka yetu, naomba uangalie kama ngozi yako ina tabia ya kuota makovu yanayovimba, yaani keloidi. Tazama ulipotobolewa masikio na ulipochanjwa. Sisi watu weusi huyapata zaidi, na mshono mrefu wa kisogoni ni mahali pabaya pa kuligundulia jambo hilo.

Njia ya pili ni kutoa kinyweleo kimoja kimoja kwa kisu cha mviringo chenye kipenyo cha karibu milimita moja. Kwa kawaida kisogo chote hunyolewa ili daktari aone vizuri, lakini kingo huhitaji vipandikizi mamia kadhaa, si maelfu kama upara wa mwanamume, kwa hiyo unaweza kuomba afungue dirisha tu: anyoe sehemu yenye upana wa vidole viwili au vitatu kisogoni, huku nywele za juu zimebanwa kwa vibanio. Kazi ikiisha zinashushwa na dirisha halionekani. Njia hii huchukua muda mrefu zaidi na gharama yake hupanda. Tena nywele za kipilipili hujipinda hata chini ya ngozi, na kisu kisipoufuata mpindo huo hukata mzizi. Muulize daktari amepandikiza vichwa vingapi kama chako.

Lipo sharti ambalo siri haiwezi kulitangulia. Kingo zilizoharibiwa na kuvutwa hupandikizika ikiwa kuvuta kumekoma kabisa. Lakini kama una uwazi unaoanzia utosini na kupanuka, hasa ukiwasha au ukiuma, huenda ni ugonjwa mwingine unaoua vinyweleo na kuacha kovu, na ukipandikiza kabla ugonjwa huo haujatulia utaviharibu hata vile vipya. Kipande kidogo cha ngozi kikipimwa maabara kitasaidia kuutambua.

Kuhusu siku, likizo ya Desemba na Januari inakutosha. Vigaga hupukutika kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika muda huo kofia ya boda boda isikuguse panja. Kwa kuwa huwezi kupanda boda bila kofia, panda taksi. Kisha nywele zilizopandikizwa nyingi huanguka ndani ya wiki nane za kwanza, mizizi ikibaki. Wengi hulia wakiona hivyo, lakini kwa siri yako ni jambo jema: Februari utarudi shuleni ukiwa kama ulivyoondoka, na nywele mpya zitaanza kutoka pole pole kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, matokeo kamili yakionekana baada ya mwaka mmoja au zaidi.

Msusi wa Ntinda:

Dada, usije ukaficha kwa kusuka. Mteja wangu alinijia wiki ya tatu baada ya kupandikizwa akitaka nimsuke mistari ya kurudi nyuma ili ofisini wasijue. Nilipomgawa nywele kwa kitana niliona vidoa vyeusi kwenye panja, vidogo kama punje za ulezi, nikaweka kitana chini. Nimeharibu kingo za wateja wengi kabla sijaelewa ninachokifanya, na sikuwa tayari kuharibu zilizolipiwa kwa upasuaji. Nilimchania za utosini zikaanguka pembeni bila kubana chochote, nikamfunga kitambaa cha satini kwa ulegevu. Hakuna aliyemuuliza neno. Wigi ya gundi usiiguse tena.

Mwalimu wa Jinja:

Ahsanteni sana. Muuguzi, nimejipapasa sikio la kushoto. Nyuma ya tundu kuna kivimbe kigumu chenye ukubwa wa punje ya mahindi, nacho nimekuwa nacho tangu utotoni bila kukiita kwa jina. Je, ndiyo basi?

Muuguzi wa ngozi, Kampala:

Kionyeshwe daktari kabla hujalipa chochote. Huenda akakukatalia, au akapandikiza vinyweleo vichache tu mahali palipojificha kisha akangoja aone ngozi inavyopona. Kungoja huko ni miezi mitatu kwa uchache, na afadhali sita, kwa sababu keloidi huchelewa kujitokeza. Desemba hii iache ipite.